Uzi wa Nane

Gitaa lilipotolewa kwenye boksi, Nyundo alilichukia kabla halijalia hata mara moja.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo iliyo nyuma ya gereji, mikono imejaa vumbi la msasa, akimwangalia mdogo wake anavyokata utepe wa boksi kwa pupa ya mtu anayechuna mbuzi. Stoo hiyo ndiyo ilikuwa chumba chao cha mazoezi. Kutani walibandika trei za mayai ili majirani wasije juu, pembeni waliegemeza bampa tatu zilizopasuka, na harufu ya rangi ya magari ilikuwa haitoki hata mlango ukeshe wazi. Kila Jumapili mchana walikutana humo watatu: Nyundo na besi yake, mdogo wake na gitaa, na kwenye ngoma shemeji yao, mwoka mikate aliyemwoa dada yao. Muziki wenyewe ulikuwa wa kishindo. Mama yao alikuwa akisema wanawe ni walewale wa utotoni, ila siku hizi wanagombana kwa umeme.

"Hesabu, kaka," alisema mdogo mtu, akiliinua gitaa kwa mikono miwili. "Hesabu nyuzi."

Huyu walimwita Sumaku, kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akishika kitu hakiachi mpaka apigwe, na wakati mwingine hata akipigwa.

Shemeji ndiye aliyehesabu, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Zilikuwa nane. Gitaa la kawaida lina sita. Hili waliliongezea mbili upande wa sauti nzito, na ule wa mwisho ulikuwa mnene kama waya wa klachi. Shingo yake ilikuwa pana hata kidole gumba cha Sumaku hakikuweza kuchungulia upande wa pili. Vyuma vya shingoni vilikaa mshazari, kimoja kimelalia huku na kingine kule. Nyundo, ambaye riziki yake ni kunyoosha magari yaliyogongwa, alivitazama na viganja vikamwasha.

"Limepinda hilo," alisema.

"Limepindishwa makusudi. Uzi mnene unataka nafasi ndefu kuliko mwembamba. Ngoja uusikie."

Sumaku alijivika mkanda begani, gitaa likamvuta chini kwa uzito, akachomeka waya kwenye spika na kuupiga uzi wa nane peke yake.

Tusidanganyane, haikuwa sauti ya gitaa. Ilikuwa kipigo. Makopo ya rangi yalitembea kwenye rafu na mawili yakaanguka. Ngoma ndogo ya shemeji ilianza kuvuma yenyewe bila kuguswa. Nyundo aliisikia tumboni, chini ya kitovu, mahali ambapo kwa miaka tisa hapakuwahi kuingia sauti nyingine humo ndani isipokuwa ya besi yake. Alihisi kama mtu amerudi nyumbani akakuta mwanamume mwingine amevaa kandambili zake.

"Lo!" Shemeji alidondosha kijiti. "Sasa besi tutaifanyia nini, tuanikie nguo?"

Alicheka sana kwa utani wake mwenyewe. Shemeji hana baya, ila mdomo wake haujawahi kuomba ruhusa kichwani. Na Sumaku naye akacheka. Kicheko hicho cha pili ndicho kilichomwingia Nyundo.

Kwa maana kulikuwa na jambo ambalo watatu hao walikuwa hawalisemi. Miezi minne nyuma, jeki iliteleza gereji na mlango wa lori ukaviangukia vidole vya mkono wa kushoto wa Nyundo. Viwili vilipona vibaya, vigumu, havikunjiki vizuri. Tangu hapo alikuwa akichelewa. Si sana, ila kwenye besi kuchelewa kidogo ni kuchelewa. Wenzake walijifanya hawasikii, na katika bendi hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Jumatatu hadi Jumamosi Nyundo alikuwa mgonga mabati, anaitwa kwa kupigiwa honi. Jumapili ndiyo siku pekee aliyokuwa mtu mwenye jambo lake. Hiyo wakimnyang'anya, hana kingine.

"Umelinunua la nini?" aliuliza.

Sumaku aliacha kucheka. "Kaka, usilichukulie hivyo. Nimekufikiria wewe. Vidole vikikuchosha, mimi nashika huku chini, wewe unapumzika kidogo."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hakuna aliyeniambia." Sumaku aliangalia pembeni. "Nasikia."

Nyundo alimpiga ngumi ya mdomo.

Alimpiga kwa mkono wa kulia, ule mzima, unaoinua nyundo kutwa, na kichwa cha Sumaku kikagonga ukuta mpaka trei ya mayai ikapasuka. Damu ilitoka kati ya meno. Sumaku, gitaa likiwa bado limemning'inia, alijigeuza kwa mwili wote, na kichwa cha gitaa, chenye vikazio vyake nane vya chuma vya kukazia nyuzi, kikamchana Nyundo juu ya jicho. Hapo hapakuwa tena na kaka wala mdogo. Nyundo aliukamata mkanda wa gitaa na kuuvuta shingoni mwa mwenziwe, akauzungusha ngumini, akavuta tena. Sumaku akageuka rangi. Walianguka juu ya ngoma, tasa la shaba likavingirika likilia hadi mlangoni, waya wa spika ukang'oka pamoja na tundu lake, bampa zikawaangukia mgongoni na hakuna aliyezihisi. Sumaku alitafuta kitu cha kushika, akakosa, akatumia meno. Alivikuta vile vidole viwili vibovu, akaving'ata mpaka mfupa ukasema.

Nyundo alipiga ukelele ambao hakuutoa hata siku ya mlango wa lori.

Shemeji aliwatenganisha kwa mikono yake ya kukandia unga, kibao huyu, kibao yule, huku anatukana ukoo mzima aliojiozesha. Alimvuta Nyundo kwa mshipi wa suruali akamkalisha juu ya tairi. Alimbandua Sumaku sakafuni akamkalisha kwenye kiti cha ngoma. "Damu moja nyinyi!" alisema, naye anahema. "Mbwa wana adabu! Kaeni hivyohivyo, nikatafute maji na vitambaa. Nikirudi nikute mtu kainuka, nitampasua mimi." Akatoka.

Wakabaki wawili.

Gitaa lilikuwa limelala kifudifudi kwenye zege. Sumaku aliliokota, akalipangusa damu kwa shati, na haikujulikana damu ilikuwa ya nani. Nyuzi saba zilikuwa salama. Wa nane ulikuwa umelegea na kuning'inia kama utumbo, maana kikazio chake kiligonga ukuta kikajizungusha, na karibu na mwisho wake ulikuwa umejikunja pembe, alama ya kukanyagwa. Mtu mwenye akili angeacha. Sumaku alipakata gitaa lake akaanza kuukaza uzi huo.

Inafaa kueleza kazi hiyo ilivyokuwa ikifanyika kwao. Tangu Sumaku ana miaka tisa, uzi ulikuwa ukikazwa na wawili. Yeye anazungusha kikazio, kaka yake anasikiliza, na uzi ukifika mahali pake kaka anasema, "Hapo." Nyundo alikuwa na sikio ambalo hata waliomchukia walilikubali. Mdogo mtu hakujifunza kusikiliza mwenyewe, kama vile mtu asivyojifunza njia ya kwao akiwa na wa kumshika mkono.

Siku hiyo alibana kwenye kichwa cha gitaa kidude kidogo cha kupima sauti, kilichokuja ndani ya boksi. Kidude kile kina kioo, na uzi ukipigwa kinaonyesha herufi ya sauti. Ubaya wake ni mmoja. Sauti hupanda kama ngazi, na baada ya vidato kadhaa herufi ileile hurudi, ila juu zaidi. Kidude hakisemi ni ya chini au ya juu. Kinaonyesha herufi na kuwasha taa ya kijani, basi.

Herufi ilitokea mara ya kwanza. Nyundo, kichwa kimeinama, damu inamdondokea kwenye paja, alisikia uzi umefika. Ni pale kabisa. Lakini vidole vya Sumaku vilizoea gitaa la nyuzi sita, na uzi wa nane ukiwa mahali pake huwa mlegevu, unapepea. Aliubonyeza, akasonya, akaona bado. Akaendelea kukaza.

Neno lilimfika Nyundo kwenye ulimi. Akalifungia meno.

Mtoto akililia wembe, mpe. Ndivyo alivyojisemea. Si ana kidude chake? Si anasikia? Basi na asikie. Uzi ulipanda, na kila mzunguko wa kikazio Nyundo aliona kwa sikio lake jinsi unavyovutwa kuliko ulivyoumbwa, na pale ulipojikunja ukaanza kutoa kilio chembamba. Alitaka ukatike. Alitaka kile kipigo kilichoingia tumboni mwake bila hodi kife kabla ya shemeji kurudi, na wabaki na nyuzi saba zisizomfikia.

Msinitake nimtetee. Kwa vile spika ilikuwa imekufa, Sumaku alikuwa ameinamisha uso juu ya nyuzi ili asikie vizuri, shavu karibu liziguse, na Nyundo aliliona hilo. Aliona pia mdogo wake akiinua macho mara moja kumtazama. Nyundo akaangalia viatu vyake.

Kikazio kikazunguka tena. Kisha tena.

Uzi ulikatikia kwenye ule mkunjo, kwa mlio kama wa tairi linalopasuka, na ncha yake ikaruka juu kwenye uso wa Sumaku. Neno lilimtoka Nyundo wakati huohuo, kwa sauti kubwa, na halikuwa na kazi tena.

Sumaku hakulia. Alishika uso kwa viganja viwili na kuinamia magoti polepole, na kilichopita kati ya vidole vyake hakikuwa damu peke yake.

Nyundo alimbeba mgongoni hadi barabara kuu. Alikimbia katikati ya magari akiyapiga kwa ngumi, mengine aliyoyanyoosha mwenyewe, mpaka teksi moja ikasimama. Njia nzima alikuwa akisema, "Nipo, mdogo wangu, nipo," na alijichukia kwa kila "nipo" aliyoitoa.

Kesho yake mchana daktari wa macho alisema jicho la kushoto halitaona tena. Alisema kwa upole, akiwa amesimama, na mama yao akakaa kwenye benchi la korido kama mtu aliyekatwa miguu. Shemeji alikuwa ameshampa mama habari aliyoitunga ili kuficha ugomvi: uzi ulikuwa mbovu tangu dukani, na majeraha mengine ni ya kuanguka. Mama alimshika Nyundo mkono wenye bandeji.

"Afadhali ulikuwepo, baba," alisema. "Ungekuwa hupo, nani angenibebea mtoto?"

Nyundo aliutoa mkono polepole. Alinyanyuka akaingia wodini.

Sumaku alikuwa amelala chali, nusu ya uso imefungwa, mdomo umevimba pale alipopigwa ngumi. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Nyundo alivuta kigoda akakaa upande wa jicho lililobaki, kwa sababu alijua akikaa ule mwingine atakuwa amejificha.

"Nina neno," alisema.

"Sema, kaka."

"Uzi ulipofika pake, nilisikia. Ulipopita, nilisikia. Ulipoanza kulia pale kwenye mkunjo, nilisikia. Nilinyamaza makusudi."

Muuguzi alipita koridoni akisukuma kitoroli. Sumaku alisubiri mpaka magurudumu yakanyamaza.

"Najua," alisema.

"Nani kakwambia? Shemeji hakuwepo."

"Nilikuangalia. Wewe uzi ukifika pake shingo huwa inakusimama, hata ukiwa umelala. Nilipoinua macho nikaikuta bado imesimama. Nikajua nimeshapita."

Nyundo alisogeza kigoda karibu. "Ulijua umepita?"

"Nilijua."

"Sasa ulikazia nini?"

Sumaku alitazama dari kwa jicho lake moja, akivuta pumzi fupifupi, kwa kuwa kuongea kulimuuma.

"Nilisema, huyu ni kaka yangu, atasema tu. Nikakaza. Hukusema. Nikasema, bado ana hasira, nimpe nafasi nyingine. Nikakaza tena."