Mtia Makaa wa Stima

"Gurudumu haligeuki," alisema Fundi, kidole chake kikiwa bado juu ya kasia jembamba kama ukucha.

Kaka yake alitabasamu mlangoni mwa karakana. "Nimeipaka vanishi. Tazama inavyong'aa."

Kweli iling'aa. Stima ile ndogo, mfano wa zile za zamani za mbao zilizovuta meli kubwa hadi gatini kwa magurudumu ya makasia ubavuni, Fundi aliianza wakati wa mvua, akaimaliza kiangazi. Aliianzia ndani, kama alivyozoea: boila, tanuri, kisha baba yao, urefu wa njiti ya kiberiti, ameinama na beleshi lake la makaa. Mbao za ubavu zilifuata. Bomba la moshi alilipaka masizi ya kweli. Sasa masizi yamefutwa, na vanishi imegandisha magurudumu yote mawili.

Alijaribu kuinua kipande cha sitaha, kile cha kufunua ili mtu amwone mtia makaa. Kikagoma.

"Na hapa?"

"Gundi. Mkuu wa bandari hataki pafunguke. Stima itakaa ukumbini kwake, wageni wapokelewe pale. Anasema mle ndani mna mtu mchafu, mgongo wazi. Haipendezi."

"Mtu? Huyo mtu ndiye aliyekulea."

"Usiyakuze, dada. Si yumo humo humo? Haonekani tu."

"Maisha yake yote alikuwa humo humo, haonekani tu." Sauti yake haikupanda, ilikauka. "Meli ikifika gatini, nahodha anapigiwa makofi. Baba anapanda ngazi, anakohoa meusi, anashuka tena. Uliyaona makohozi yale. Leo unamfungia kwa gundi, tena kwa mkono wako."

Kaka alikuna kidevu. "Tufunike kombe basi. Gari la bandari liko njiani kuichukua."

"Kombe lako limemfunika baba."

Alichukua msumeno mwembamba, ule wa kukatia mataruma, mbavu za ndani za chombo, akaulaza ubavuni mwa stima, nyuma kidogo ya gurudumu. Kaka alinyoosha mkono kumzuia, akayaona macho yake, akaurudisha mfukoni.

"Utaiharibu."

"Umeshaiharibu. Mimi naitengeneza."

Unga wa mbao ulidondoka mezani. Mbao alizozipinda kwa mvuke, moja moja, kwa subira ya mtu anayesuka nywele za mtoto, zilikatika bila kelele. Alikata tundu pana. Asiyetaka kuona kwa juu, ataona kwa ubavu.

Honi ikalia nje. Ikalia tena. Hakuna aliyekwenda kufungua lango.

Kipande cha mwisho kilipoanguka, mwanga wa dirisha uliingia hadi tanurini. Kaka aliinama polepole, mikono magotini, akachungulia. Baba alikuwa pale pale na beleshi lake. Vanishi ilikuwa imevuja kwenye nyufa za sitaha, ikamtiririkia mgongoni, na humo ndani kusikopita hewa ilikuwa bado mbichi, ikimeremeta kama jasho.