Pingili ya Saba

Winfrida alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. "Msimwinue! Mwacheni alale hivyo hivyo!"

Nani wa kumsikiliza? Mumewe, Cyril, alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkorosho, kichwa kikitangulia. Shemeji yake, Benedikto, alimnyanyua kwa makwapa, akampakia kwenye bodaboda na kuketi nyuma yake kumshikilia. Wakaondoka mshikaki, watatu pamoja na dereva, kutoka Chiwata hadi Masasi, shingo ya mgonjwa ikicheza kwenye kila shimo la barabara.

Winfrida alipowafikia hospitalini, Cyril alikwisha kulazwa chali, kola ngumu shingoni.

"Nani alimleta amekaa?" aliuliza Daktari Mujibu.

Benedikto akatazama dirishani.

Eksirei ilipotoka, daktari alimwita Winfrida aione kwenye kompyuta. "Mama Godwin, shingo ina pingili saba. Hapa naziona sita, ziko sawa. Ya saba imezibwa na mabega. Tumemvuta mikono ili mabega yashuke, bado haionekani. Na vidole vyake vina ganzi. Lazima aende Mtwara akapigwe CT scan. Kile kipimo hakizuiwi na mabega."

Winfrida alielewa. Kazi ilikuwa kumwelewesha Cyril.

"Si wamesema mifupa iko sawa?"

"Sita, Baba Godwin. Sita!"

"Sasa sita kati ya saba si nyingi?"

Winfrida alivuta pumzi. Mkono wa mumewe ulikuwa tayari umeifikia kola, akauchapa kofi.

"Inanikaba."

"Ikukabe!"

Benedikto naye hakukaa bure. Alikwisha kumpigia simu Tahiri, fundi wa kuunga mifupa kule Newala. "Shemeji, hawa madaktari wakishindwa wanakutuma mbali. Tahiri atamnyoosha shingo hapa hapa, jioni tuko nyumbani."

"Wewe uliyemleta kama gunia ndiye unayenipa ushauri?"

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito, ikabidi wasubiri. Tahiri akatangulia kufika, chupa ya mafuta mkononi. Uso wa Cyril ukanawiri kama aliyeletewa pilau. Winfrida akasimama kati ya kitanda na mgeni, na hata salamu aliitoa kwa shida.

Tahiri hakumsogeza. Aliuliza akiwa pale pale, "Vidole vinasemaje?"

"Viwili vya mwisho vina ganzi," Cyril alijibu. "Mikono yote."

Tahiri akaitia chupa mfukoni. "Mimi naunga mikono na miguu. Shingo yenye ganzi siigusi. Nenda Mtwara."

"Haya," alisema Cyril kwa upole. "Twende Mtwara."

Haya! Winfrida alitoka nje, akaing'ata kanga yake asije akapiga ukelele wodini. Alisema yeye, hakusikika. Alisema daktari na picha mkononi, hakusikika. Sasa anakuja mtu na mafuta yake, neno moja tu, haya!

Mtwara, kipimo kilionyesha kila kitu. Pingili ya saba ilikuwa imevunjika, na kipande kimesogea kuelekea mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Daktari wa kule alisema shingo ile ingenyooshwa kwa mikono, pengine Cyril asingetembea tena. Benedikto alikaa kwenye benchi, mikono kichwani.

Cyril alisikiliza yote akiwa chali.

"Kumbe ilikuwa hatari hivyo," alisema. "Mbona hukunikazania, Mama Godwin?"

Kicheko kikamtoka Winfrida, kikageuka kilio, na muuguzi aliyekuwa akipita akamletea kiti.

Cyril alipasuliwa, akafungwa vyuma. Siku alipoanza kutembea, Winfrida alimfuata nyuma hatua kwa hatua, mikono ameitanguliza tayari kumdaka, huku akimgombeza njia nzima: taratibu, nyanyua mguu, usigeuke, nimesema usigeuke!

Cyril akageuka kumuuliza amesemaje.