Mluzi wa Marehemu

Nimefanya kazi nyingi za kuchafuka, ila ya kuosha vizimba vya tumbili ndiyo niliyoipenda. Si wale wa mashambani; hawa wa ng'ambo ni wadogo, mmoja anaenea kiganjani. Walikuwa wanane chumba kimoja, kutwa kuitana. Mmoja akiita, mwenzake humngoja amalize ndipo ajibu. Adabu ambayo sijaiona kwenye kikao chochote cha ukoo wetu. Dume mkubwa akimwita mkewe, wengine hawageuzi hata shingo. Wanajua ni nani anayeitwa.

Dume akafa Jumatatu. Jike akaita mpaka jioni, akanyamaza, akaacha kula.

"Binti yangu, huyu atakufa," nilimwambia mtafiti, mwenye kazi ya kunasa sauti zao.

"Mwache, mzee. Nataka kusikia mjane anafanya nini. Usimguse."

Alhamisi mbavu zilikuwa nje. Nikajikuta napiga mluzi wa dume, ule mrefu unaopanda mwishoni. Jike akainua kichwa, akajibu. Nikampa ndizi. Akala.

Kijiko, mkata matunda wetu, alicheka hadi akashika ukuta. "Babu, umeoa!"

"Nyamaza. Wivu tu."

Wiki mbili hivyo: mluzi, tunda, mluzi, tunda. Vinasa sauti sikuvikumbuka kabisa. Mtafiti akaniita, akanisikilizisha sauti ya dume, siku kumi na moja baada ya kufa kwake.

"Nini hii?"

"Ni mimi."

"Kazi ya miaka miwili, mzee!" Machozi yalikuwa ya kweli. "Ondoka leo hii."

"Kuondoka nakujua. Nani atamlisha?"

Akanifungulia mlango.

Kijiko alijaribu mluzi kwa siri. Jike akampa mgongo. Basi kila asubuhi nikawa naenda kupiga wa kwangu nje ya ukuta, chini ya dirisha. Alinijibu papo hapo. Siku ya nne Kijiko akanifuata barabarani.

"Babu, acha. Akikusikia anatupa tunda, anang'ang'ania dirishani mpaka jioni. Unamuua."

Nikaacha.

Jumapili Kijiko alikuja kwangu, akasimama mlangoni. "Amekufa jana. Heri wewe hukumsikia alivyokuwa akiita."

Sikumwambia kwamba siku zote hizo nilikuwa pale pale ukutani tangu alfajiri, mkono mdomoni nisije nikamjibu.