Spana Chini ya Sakafu ya Agatha

Wilf Larter alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, na kila jioni saa kumi kamili aliitumia kuhesabu spana.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya jumba la ndege za kale la Hockwell. Kabla chai haijamiminwa, kazi husimama, kila mtu huugeukia ubao mkubwa ulio ukutani, na Wilf huanza: moja, mbili, tatu. Kila kifaa kilichorewa umbo lake ubaoni kwa rangi nyekundu, hivyo kikikosekana, pengo hukutumbulia macho. Vilikuwa arobaini na moja. Vikitimia, Doreen Catchpole huinua birika. Visipotimia, hakuna chai, na kama hujawahi kumwona mtu wa huku Norfolk akitafuta kitu kwa bidii, mnyime chai.

Wote walikuwa watu wa kujitolea, wastaafu wengi wao, waliokuja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kumhudumia Agatha. Agatha alikuwa ndege ya doria ya baharini, injini nne, mzee kuliko Doreen kwa mwaka mmoja, ingawa Doreen hakupenda hesabu hiyo isemwe. Alipoletwa Hockwell miaka ishirini na miwili iliyopita, njiwa walikuwa wameweka maskani tumboni mwake. Sasa aling'aa mpaka unajiona uso ubavuni mwake. Na Jumamosi hii, saa nane mchana, injini yake namba tatu ingewashwa kwa mara ya kwanza tangu ndege yenyewe istaafu.

Fundi mkuu alikuwa Wilf, miaka sabini na mitatu, mgongo umenyooka kama rula. Hakuwa mtu wa kujishuku. Akisema bomba hili linavuja, linavuja. Akisema hili ni zima, panda ulale. Aliijua ndege ile tangu akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, fundi mdogo wa jeshi la anga, na watu walidhani ndiyo sababu alijitokeza siku ya kwanza kabisa, njiwa hawajafukuzwa. Walidhani ni mapenzi.

Yalikuwepo mapenzi, sikatai. Lakini Wilf alikuja kutafuta spana.

Mwaka 1971 alikuwa akifanya kazi ndani ya Agatha, chumba cha rubani, na jioni alipofungua sanduku lake la vifaa, spana moja fupi haikuwemo. Sheria ilikuwa wazi: sema, ndege isiruke, ipekuliwe hadi kifaa kipatikane. Lakini kijana alimwogopa sajini wake kuliko alivyomwogopa Mungu. Usiku ule ule alipanda baiskeli hadi kwa mjomba wake mwenye gereji, akaomba spana kama ile, akaichonga namba ya sanduku, akaisugua kwa grisi na vumbi la breki mpaka ikaonekana kuukuu. Asubuhi ilikaguliwa, ikapita. Agatha akaruka na watu kumi ndani, na akaendelea kuruka miaka tisa. Hakuna kilichotokea. Lakini miaka yote hiyo tisa, kila Wilf aliposikia habari ya ndege kwenye redio, alisimama kusikiliza kama ni Agatha.

Na sasa, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa amefungua kila kifuniko cha Agatha, akapapasa kila pembe. Palibaki mahali pamoja tu: chini ya sakafu ya rubani. Bati la pale lilishikiliwa na ribiti, vile vijisumari vya kubana mabati, kumi na nane za tangu kiwandani, na sheria ya jumba ilikuwa kwamba ribiti za asili haziguswi mpaka mtu aandike sababu kwenye daftari la ndege na kutia sahihi. Wilf alikuwa na sababu. Kuiandika ndiko kulikomshinda.

Basi Jumamosi ikafika. Uwanjani walikuwa watu mia sita, miavuli mikononi, manyunyu yakiwaangukia na wao wakijifanya hayapo. Gari la zimamoto lilikuwa limeegeshwa. Lingeondoka saa kumi na moja, na bila hilo hakuna kuwasha. Wa kubonyeza kitufe cha kuwashia injini alipatikana kwa kura: Clive Amos, tarishi mstaafu aliyejiunga tangu masika, mtu mpole, na mke wake na wajukuu watatu walikuwa mstari wa mbele.

Saa saba na nusu Wilf aligeukia ubao. Siku ya kuwasha injini, hesabu hufanywa kabla.

"Thelathini na tisa. Arobaini." Akasogea karibu na ubao. "Spana ya nusu inchi iko wapi?"

Pengo jekundu lilimkodolea macho.

"Jamani, nusu inchi nani anayo? Toeni mifukoni."

Mifuko ikapinduliwa. Zikatoka peremende, miwani, na bisikuti ambayo Doreen aliitambua. "Ahaa! Kumbe wewe ndiye panya wangu, Clive!"

Watu walicheka. Clive hakucheka.

Walitafuta chini ya mabenchi, kwenye madumu, hadi ndani ya birika. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu akaja mwenyekiti, Philippa Garland, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na bado alitembea kama anayewafumania wanafunzi.

"Wilf, watu wanalowana."

"Watakauka."

"Spana moja! Tunazo arobaini nyingine!"

"Arobaini najua ziliko. Hiyo moja sijui. Inaweza kuwa kwenye injini."

"Injini ulifunga mwenyewe Alhamisi, ukasaini."

"Nilisaini. Na leo nasema haiwaki."

"Usibishane naye, Philippa," Doreen alisema. "Mtu huyu siku akifa atafufuka kwanza ahesabu misumari ya jeneza, ndipo alale."

Philippa alivuta pumzi ndefu. "Una saa moja. Baada ya hapo natoka kuwaambia watu mia sita waende nyumbani, na nitawaambia ni kwa amri ya nani."

"Jina langu ni Larter," Wilf alisema. "Lina herufi sita. Usikosee hata moja."

Dakika arobaini baadaye, kelele zilitoka nyuma ya banda. "Nimeipata! Nimeipata!" Alikuwa Clive, mbio, uso umemwiva. "Ilikuwa chini ya rafu ya rangi. Samahanini jamani. Hii hapa!"

Walishangilia utadhani wamefunga bao. Philippa tayari alikuwa anaelekea mlangoni. Wilf alinyoosha mkono, Clive akamwekea spana kiganjani.

Ilikuwa nusu inchi, kweli. Ilikuwa na mstari wa njano shingoni, kama vifaa vyote vya jumba. Ilikuwa na uchafu wa kutosha. Wilf alipitisha kidole gumba juu ya ule mstari, na kidole kikatoka na njano.

Rangi ilikuwa mbichi.

Akamtazama Clive. Clive akatazama viatu vyake. Hakuna mwingine aliyeona, na Wilf alijua kwa nini yeye ameona. Ile njano na ule uchafu uliosuguliwa kwa haraka vilikuwa kama kazi ya mikono yake mwenyewe ya mwaka 1971. Kilichobadilika ni sura ya mfanyaji tu.

Nisiseme uongo, alishawishika. Angeweza kuitundika ubaoni na kusema arobaini na moja, injini ingewaka, na huenda lisingetokea lolote. Yeye zaidi ya wote alijua kwamba huenda lisingetokea lolote. Angeweza pia kuinua kile kidole cha njano mbele ya watu, na Clive asingekanyaga tena Hockwell. Alilitazama lile gari la zimamoto, akawatazama wajukuu watatu na kofia zao za mvua, kisha akapiga moyo konde.

"Doreen, niletee daftari la ndege," alisema. "Na kalamu inayoandika, siyo ile ya kwako."

"Kuna nini tena?" Philippa alirudi.

"Kaa, Philippa. Nitakwambia, halafu utanifukuza ukitaka."

Akalifungua daftari juu ya benchi, akaandika huku akisoma kwa sauti ile ile ya kuitia ng'ombe, hata waliokuwa nje wakasikia. Kwamba mwezi Aprili 1971, yeye, Wilfred Larter, alipoteza spana ndani ya ndege hii. Kwamba hakusema. Kwamba aliweka nyingine mahali pake, akaichafua ionekane kuukuu, akaiacha ndege iruke na watu kumi ambao alikuwa anawajua kwa majina. Kwamba anaamini spana hiyo iko chini ya sakafu ya rubani, naye anaomba ribiti kumi na nane zitolewe. Akatia sahihi.

 Doreen aliusogelea ukurasa, akausoma mwenyewe.

"Miaka ishirini na miwili," Philippa alisema polepole. "Umetuhesabisha kila jioni miaka ishirini na miwili."

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe..."

"Mimi mwenyewe. Ndiyo maana."

Hapo Clive alisogea mbele. Mikono aliificha nyuma kama mtoto.

"Hiyo uliyoshika siyo yenyewe, Wilf," alisema. "Ni ya kwangu, ya kwenye gari. Juzi baada ya hesabu nilipanda tena juu kukaza bolti ya kiti cha rubani, maana ilinikera. Spana ikaniponyoka. Niliisikia ikigonga chini, ikaingia kwenye ufa wa sakafu. Nikajua sakafu haifunguliwi. Na wajukuu..." Akaelekeza kidevu nje.

"Baada ya hesabu?" Wilf alifoka.

"Baada ya hesabu."

"Mpumbavu wewe."

"Najua."

"Mpumbavu mwenye bahati. Mimi mwaka ule hakuna aliyeipitishia kidole spana yangu. Chukua drili, tupande."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wote wawili walikuwa wameponea chupuchupu. Philippa alilivuta daftari, akasoma tena, kisha chini ya sahihi ya Wilf akaandika neno moja, Ruhusa, akatia yake. Halafu akatoka na kipaza sauti, na badala ya kuwafukuza watu akawaambia ukweli: spana imeanguka ndani, mafundi wanaitoa, chai na mikate ya soseji ni bure. Hakuna aliyeondoka. Wanakijiji waliuzoea upepo unaovuma juu ya mashamba ya viazisukari. Manyunyu yale kwao hayakuwa kitu.

Clive alishika taa, Wilf akashika drili. Ribiti zilitoka moja moja, na kila moja Clive aliitia kwenye kikopo akiihesabu kwa sauti bila kuambiwa. Ya kumi na nane ilipotoka, waliinua bati.

Spana yenye mstari wa njano ilikuwa palepale, karibu, inang'aa. Clive aliitoa huku akihema.

Wilf hakuiangalia. Alikuwa amelala kifudifudi, mkono umezama hadi begani, anapapasa kwa ncha za vidole. Kisha akatulia. Alipoutoa mkono, kiganjani palikuwa na spana fupi, nyeusi kwa miaka. Aliisugua kwenye ovaroli. Ikatokea namba 7, ile ya sanduku lake, na pembeni yake, zimekwaruzwa kwa ncha ya msumari, herufi W.L.

Upande mmoja chuma kilikuwa kimelika. Palikuwa na mfereji laini, unatosha kulaza ncha ya kidole kidogo. Clive alimulika kule ilikotoka, na wote wawili wakauona waya wa chuma unaokwenda hadi usukani wa mkia. Kila rubani alipogeuza usukani, waya ulikuwa ukiikata ile spana, na spana ikiukata waya. Nyuzi za waya zilikuwa zimechanika karibu nusu.

"Miaka tisa," Wilf alisema. Akaketi sakafuni. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta wala hakugeuza uso. "Watu kumi, Clive. Mmoja alikuwa anaitwa Pettifer. Alikuwa ananipa sigara."

Clive alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

"Walirudi, Wilf," alisema. "Kila safari walirudi."

Saa kumi na nusu, mvua imekatika, Wilf alisimama mbele ya bawa la Agatha na kuinua kidole gumba, bado kina njano. Kule juu, Clive alibonyeza kitufe. Pangaboi la namba tatu lilizunguka kwa uvivu, mara moja, mara mbili, injini ikakohoa, ikatema moshi mweupe, kisha ikanguruma mpaka vikombe vya Doreen vikacheza mezani. Watu mia sita walipiga kelele na hakuna aliyesikika. Wilf aliisikiliza kama daktari asikilizavyo kifua, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alisema ni nzima, na ilikuwa nzima.

Gari la zimamoto lilipoondoka, Philippa alikuja na sanduku la kioo. "Hii spana yako tuiweke hapa mlangoni, na maelezo. Watu waione."

"Waandikie maelezo marefu unavyotaka," Wilf alisema. "Lakini haikai kwenye kioo. Kilicho kwenye kioo hakihesabiwi."

Philippa akalirudisha sanduku.

Clive ndiye aliyechora umbo lake ubaoni kwa rangi nyekundu, ulimi nje, polepole, wakati Doreen akimwambia amechora kijiko. Waliitundika. Wilf akajipanga mbele ya ubao, akakohoa, na wote wakaugeukia, birika likisubiri.

"Moja," alianza. "Mbili. Tatu."

Alizipita zote bila haraka. Alipofika arobaini na moja alisimama kidogo, akaitazama ile fupi, nyeusi, iliyolika ubavu.

"Arobaini na mbili," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1971, hesabu ya Wilf Larter ikatimia.