Udongo wa Mgongoni

Haya niliambiwa na Chia, jirani yangu, mwaka ule baridi ilipowahi ikaunguza majani ya maboga. Tulikuwa kwangu tunapukuchua mahindi. Chia si mtu wa kutia chumvi. Hata kwenye chakula husahau.

Anasema siku ya kwanza walikuwa watatu kwenye jiwe la kusagia, nyumbani kwa Bibi Pai. Bibi Pai alikuwa anatia punje kwenye tundu, Chia na Zua wanasukuma mti wa kulizungusha. Zua ni mjane wa mtoto wa Bibi Pai, mwanamke wa mabega mapana, na siku zote yeye akisukuma, jiwe huimba. Siku hiyo likawa zito. Chia akatazama chini akaona miguu ya Zua haigusi sakafu. Panya angepita hapo bila kuinama.

"Zua, unaning'inia," akamwambia. "Kazi yote umeniachia mimi."

"Nimeona. Tangu asubuhi."

"Basi shikilia mti vizuri. Unga hautajisaga."

Wakamaliza. Bibi Pai akachekecha unga, akaupika kwa mvuke, wakala.

Sababu kila mtu aliijua. Huku kwetu juu ni mawe matupu. Hakuna udongo ambao haukubebwa na mtu. Unashuka bondeni na kikapu mgongoni, unachota, unapanda nao, unaumwaga kwenye shimo la mwamba na kuziba nyufa kwa mawe ili mvua isikunyang'anye. Shimo likijaa, unapanda mahindi mawili matatu. Zua alipoolewa alikuta mteremko wa nyuma ya nyumba una mashimo makavu, meupe kama mifupa. Mumewe alikuwa mgonjwa wa kifua, hawezi mzigo, kwa hiyo aliyajaza yeye. Ikafika mahali wapita njia wa bondeni wanainua macho, wanaona mahindi yamesimama juu ya jabali, wanauliza ni ya nani. Wanaambiwa: ya Zua.

Mumewe alipokufa, shemeji yake Dinh, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, akautoa mteremko kwa Toan, mtu wa mjini, afanye bustani ya wageni. Zua hakuulizwa. Kwa desturi yetu shamba ni la ukoo, na mke ni mgeni wa ukoo hata azeekee humo. Mahindi yalipovunwa, Toan akapanda ile nafaka ya maua ya rangi ya waridi tuliyokuwa tukiila wakati wa njaa. Siku hizi, majani yakianza kupukutika, watu hutoka mbali kuja kupigwa picha katikati ya maua yake. Siku yalipofunguka ndiyo siku miguu ya Zua ilipoinuka.

Dinh alikuja kumtazama. Zua alikuwa amefika kimo cha kigoda.

"Shemeji, tia mawe kwenye mkoba, utatulia."

"Mawe yapo mengi. Tia wewe."

"Upepo ukikuchukua, watu tutawaambia nini?"

"Waambieni mlinipunguza uzito."

Dinh akajikuna shingo. "Nitakupeleka mjini kwa binti yako. Mtu asiyeweza kusukuma jiwe la kusagia atakaa hapa kufanya nini? Nakupa mpaka maua yaanguke."

Zua hakutaka kwenda mjini. Alitaka kusimama palepale alipo.

Kesho yake akaenda bustanini, akijishika kwenye mwamba mmoja mpaka mwingine. Wageni walikuwa wamejaa. Akapitisha mguu katikati ya maua, akauweka kwenye shimo alilolijaza mwaka wa kwanza wa ndoa, na mguu ukashuka wenyewe, ukazama mpaka kifundo. Akaweka wa pili. Akasimama. Wageni wakampiga picha. Toan akaja, mtu wa adabu, mikono nyuma.

"Mama, umependeza sana hapo. Uwe unakuja kila siku, na sketi hiyohiyo. Wageni watafurahi."

"Mimi si ua," Zua akamjibu.

Akachomoa mguu mmoja, akachomoa wa pili, akarudi hewani. Chia alikuwa kando ya ukuta wa bustani anakata majani ya ng'ombe. Anasema Zua alipita juu ya maua yale yote bila kuvunja hata moja, shingo imenyooka.

Nyumbani Bibi Pai alikuwa anaota moto.

"Mwanangu, njoo. Inua pindo la sketi yangu."

Sketi ya Bibi Pai ilikuwa ndefu kuliko za wanawake wote wa kijiji. Watu walidhani ni haya. Zua akainua pindo. Miguu ya mama mkwe wake ilikuwa hewani, shibiri nzima.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu baba mkwe wako alipowagawia wanawe mashimo yangu. Nikaongeza kitambaa."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama mkwe wangu naye sketi yake ilikuwa ndefu."

Zua akalishusha pindo taratibu. "Mimi siongezi kitambaa," akasema, akatafuta kikapu.

Juu kabisa, penye njia ya mbuzi, palikuwa na shimo ambalo hakuna aliyelitaka, kwa kuwa ni mbali na jua huchelewa kufika. Zua akaanza kubeba. Akishuka bondeni, anaelea, anajishika vichaka. Akipanda na mzigo, anakanyaga kama watu. Akimwaga, anainuka tena, ila pungufu ya jana. Akaziba nyufa, akachanganya samadi na jivu. Bibi Pai hakuweza kikapu. Alichota kwa aproni, akamfuata nyuma, sketi ameikunja kiunoni, kila mtu anaona. Wanawake wengine wakaanza kutazamana mapindo.

Maua yakaanguka. Dinh akapanda kuja kumchukua Zua, anahema. Aliwakuta wakwe wawili wamesimama shimoni, udongo umewafika kwenye vifundo, wanapanda mbegu za haradali.

Akaupiga udongo kwa kisigino. "Mzuri huu. Ukoo umepata shimo jingine."

"Ukoo una bahati," Zua akasema. "Umepanda mpaka huku bila kikapu."

"Na Toan anatafuta mahali pa wageni kutazama bonde."

"Mwambie papo. Mwambie na mimi nipo."

"Wewe si unakwenda mjini?"

"Nivute basi."

Dinh akamshika mkono, akavuta kama mtu anayefanya mzaha. Akaongeza mkono wa pili. Zua hakusogea.

"Usimvunje mkono mwenzio," Bibi Pai akamwambia mwanawe. "Tuna kazi."

Dinh akamwachia, akacheka, akashuka. Hakusema tena habari ya mjini. Kijijini, kwa desturi ileile, lile likaitwa shimo la Dinh, na hadi leo ndilo jina lake.

Mchana jua likafika, mwamba ukapata joto. Bibi Pai akajilaza ubavu kwenye udongo, akalala hapohapo, mdomo wazi. Zua alikaa kidogo akitazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni na kuishia chini yao. Kisha akajinyoosha karibu na mama mkwe wake, mzito kabisa, akalala.