Kandambili za Kijani

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni kandambili. Zilikuwa mpya, za kijani, zimewekwa pembeni mwa mlango wa jikoni, karatasi ya bei bado imegandia kisiginoni. Kwa nyumba ya watu wenye miguu mikubwa namna ile, zilikuwa ndogo mno.

Alikaa ukingoni mwa kochi, nyuma ya bega la dada yake. Dada alikuwa na shahada ya uzamivu katika elimu ya udongo, na kazi hana. Aliomba nafasi za utafiti kila zilipotangazwa: kwenye udongo, maji, misitu, hata kwa watu wa takwimu. Kote aliulizwa jambo lile lile: msimamizi wako anasemaje? Na msimamizi wake, Profesa huyu mwenye nyumba, hasemi kitu. Alikuwa na mitihani ya wanafunzi, na tangu Dada ahitimu ndiye aliyemsahihishia, bure. Nani amfungue punda wakati mzigo bado upo?

Sasa chuo kimoja cha mbali kilikuwa kimemkubali Dada. Lilibaki neno la Profesa tu la kumpendekeza, nalo lilitakiwa lifike kabla ya saa kumi na mbili jioni hiyo. Kompyuta ilikuwa mapajani pa Profesa, imefunguliwa. Mwenyewe alikuwa anakunywa chai.

"Ukienda, mimi nitasaidiwa na nani?" aliuliza, akicheka kidogo.

Dada akajibu kwamba mitihani ataisahihisha hata akiwa huko.

"Hiyo ni yangu. Na mama huyu je?"

Mkewe, aliyekaa pembeni yake, akadakia. Wasichana wa kazi wa siku hizi hawakai, alisema. Wanakuja wanyonge, wakishashiba wanaota mapembe. Alitaka mtu anayejulikana kwao, asiye na maneno mengi. Hakumtazama Kimya hata mara moja.

"Huyu hana maneno, ndiyo maana tunamwita Kimya," Dada alisema. "Na shule aliacha zamani. Hana kinachomsubiri."

Kimya aliacha shule darasa la tano, mama yao alipopooza. Dada alikuwa chuoni. Ilibidi mmoja abaki amgeuze mama kitandani mpaka siku alipofariki, na hakuna aliyeuliza ni yupi.

Profesa akaweka kikombe chini. "Basi aende jikoni akazoee. Mimi namalizia hapa."

Kimya akasimama. Akavua viatu mlangoni, akaingiza mguu katika kandambili moja, kisha nyingine. Zilimkaa kama alipimwa. Na kipimo cha mguu wake alikijua mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akimnunulia viatu.

Akageuka. Dada alikuwa amekodolea macho kidole cha Profesa, kilichosimama juu ya kitufe cha kutuma, hakijashuka.

"Dada," Kimya alisema. "Na mimi nilikuwa naipenda shule."