Kijiji Ndani ya Kaseti

"Saa nne wanakata umeme mtaa mzima, Baba Shiori. Upende usipende."

"Waambie wasubiri."

"Niwaambieje? Mume wangu anafuga kijiji sebuleni?"

Kinji hakucheka. Miguu yake ilikuwa chini ya blanketi la meza ya kupashia miguu joto, macho kwenye televisheni. Mashine ya michezo ilikuwa haijazimwa kwa wiki tatu. Kaseti zake nyingine za michezo, za umri mmoja na hii, zilikuwa zimeshafutika, betri zao ndogo za kutunza kumbukumbu zimekufa. Hii aliivua ganda ili aibadilishie betri, akaichomeka ikiwa wazi, akaiwasha aone kama kijiji bado kipo, kisha woga ukamshika. Betri ya zamani ilikuwa karibu kufa; umeme ukikatika, kijiji kimekwenda.

Alikijenga ndani ya mchezo ujanani, vijumba vidogo vya mraba, mwaka ule bwawa lilipomeza bonde lao. Picha za albamu zilikuwepo, lakini kwenye picha watu husimama mbele ya nyumba wakaiziba.

Nobue, mkewe, hakuwahi kuliona bonde lile. Alichokijua ni maji tu, kijani kibichi, kimya. Akaketi. Kwenye kioo cha televisheni miaka ya mchezo ilipita kama pumzi, wala hakuna paa lililochakaa. Mto ulizunguka hekalu, ukapita chini ya daraja, ukaendelea. Kwa kitambo alihisi miguu yake imo majini, na kuna mtu ng'ambo anamwita mtoto aje kula. Akajikaza.

"Nakubadilishia hiyo betri. Sasa hivi, mashine ikiwaka."

"Mkono ukiteleza, Mama Shiori?"

"Na wa umeme akikata, utasema mkono wake umeteleza? Mwanamume mzima, unalinda kisanduku kama kuku anayeatamia! Diploma yangu ya elektroniki unadhani ni ya kufungia samaki?"

Kinji alilikodolea macho daraja.

"Nyumba yetu ni ile ya mwisho, kabla ya msitu," alisema polepole.

"Naiona. Nishikie kaseti basi, nianze."

Kinji akaitikia kwa kichwa, akashika kaseti isicheze. Nobue alipasha chuma cha kulehemia, akakichomoa ukutani umeme wake usije ukapenya kwenye kaseti, akagusa maungio ya betri. Moshi mwembamba ukapanda. Betri ya zamani ikatoka, mpya ikakaa. Kwenye kioo mto haukusita.

"Haya. Betri mpya itakitunza kijiji. Zima mwenyewe."

Kinji akaweka kidole kwenye swichi, akavuta pumzi, akazima.